TV ya ndugu yetu wa Bagamoyo sio feki, abonyeze menyu kwanza

Ndugu Mhariri, salaam aleikum.

Naandika nikiwa Makorora hapa Tanga, saa nne usiku, watoto wa twisheni wameshaondoka na kahawa imeshapoa, na kilichonikalisha ni ile barua mliyoitoa ya msomaji wa Bagamoyo anayesema TV zote zinazouzwa sahivi ni feki kwa sababu kachomeka laptopu yake kwenye TV mpya ya inchi 43 na picha ikatoka imekatwa pembeni, maandishi yana ukungu, na ule upau wa chini wa Windows anauona nusu tu, saa haisomeki. Anasema kaibiwa, anataka serikali iingilie. Mi nimeisoma mara mbili nikacheka, halafu nikaacha kucheka maana miaka miwili nyuma mi ndo nilikuwa yeye kabisa, tofauti yetu ni kwamba yeye kaandika gazetini na mi nilimwita fundi, na bora ningeandika gazetini.

Nafundisha hesabu, na jioni nina twisheni ya fomu foo sebuleni kwangu, watoto kumi na wawili, wengine kwenye viti vya plastiki wengine mkekani. Zamani nilikuwa na ubao wa chaki, vumbi linaingia kifuani mpaka nakohoa usiku kucha, ndipo nikasema hii TV kubwa ukutani ya nini kama kazi yake ni tamthilia tu, nikatafuta waya wa HDMI, ule unaopeleka picha na sauti kwenye TV, nikachomeka laptopu yangu ya mtumba, picha ikaja, watoto wakapiga makofi. Nikakuza maandishi mpaka yakagusa ukingo ili hata aliyekaa mlangoni asome. Swali la kwanza siku ile lilikuwa −3x + 5 = 11. Basi watoto kumi na mmoja wote wakaandika x ni 2. Mmoja tu, binti aliyekuwa kabanwa pembeni ya meza kwa hiyo anasomea kwenye laptopu yenyewe, akaandika −2, wenzake wakamcheka. Mi nikasahihisha, binti nikampa vema, wale kumi na mmoja nikawapa kosa. Pakawaka. "Madam, hiyo alama ya kutoa umeitoa wapi?" Nageuka naangalia TV, kweli, imeandikwa 3x + 5 = 11. Naangalia laptopu, −3x. TV imeimeza alama ya kutoa!

Ndo nikamwita fundi. Akaja na baiskeli yake kama kawaida yetu Tanga, akaigonga TV mgongoni mara mbili kama anayechagua nazi, akaniambia Madam hiki kioo kimeanza kufa kuanzia pembeni, kitaendelea hivyohivyo mpaka katikati, kubadilisha ni laki mbili na nusu, au kama sitaki usumbufu yeye anaichukua kwa elfu hamsini akavunje vipuri. Simsemi vibaya, inawezekana aliamini anachosema. Lakini elfu hamsini kwa TV ambayo sijamaliza hata kuilipia? Nikamwambia niache nifikirie.

Usiku nimekaa naiangalia ile TV kama mtu anayeangalia ng'ombe mgonjwa, nikachukua rimoti nipunguze sauti, na hapo ndipo nilipoona. Ule mstari wa sauti umetokea chini kabisa, mzima, umekaa sawa. Nikabonyeza menyu. Menyu ya TV yenyewe imejaa vizuri mpaka pembeni, hakuna herufi iliyokatwa, hakuna ukungu, imechongeka kama maandishi ya kanga mpya. Sasa jamani, kioo kilichokufa kitachaguaje? Kioo hakijui hii picha imetoka kwenye laptopu na hii imetoka tumboni kwa TV, kikifa kinakufa kwa wote, utaona mstari mweusi au doa kwenye menyu na kwenye kila kitu. Kama menyu ni safi na picha ya kompyuta ndo mbovu, basi kioo kizima na ugonjwa uko kabla ya kioo: kwenye setingi, au kwenye waya, au kwenye kompyuta. Hili jambo moja tu ndugu yangu wa Bagamoyo angelijua asingeandika ile barua, na mi nisingemlipa fundi nauli.

Nikataka kujua imemeza kiasi gani maana mwalimu wa hesabu hawezi kulala na "kidogo". Nikafungua Paint kwenye laptopu, nikatengeneza picha nyeupe ya vidoti 1,920 kwa 1,080, ambayo ndo idadi ya vidoti, wenyewe wanaita pikseli, kwenye TV ya full HD, nikachora mistari kila baada ya vidoti 10 kutoka kila ukingo na kila mstari nikauandikia namba yake, nikaijaza skrini nzima. Kwenye laptopu naona 10, 20, 30 zote. Kwenye TV, upande wa kushoto mstari wa kwanza kuonekana ni 50. Juu, wa kwanza ni 30. Kulia na chini vilevile. Kwa hiyo si kuchakaa, kitu kilichochakaa hakichakai sawasawa pande zote nne, hii imekatwa na mtu mwenye rula.

Na huyo mwenye rula ni kiwanda, na sababu yake ni ya zamani. Nyie mnaokumbuka TV za chogo, zile nzito unazibeba wawili, picha yake ilikuwa inachorwa na miale inayopiga kioo kutokea nyuma, na ile miale haikuwa na nidhamu, umeme ukipanda picha inatanuka, ukishuka inanywea, kingo zinapinda. Sasa mteja asione kingo zilizopinda wala weusi, viwanda vikawa vinaikuza picha kidogo makusudi ipitilize fremu, na watu wa vituo vya TV nao wakawa wanaweka maandishi muhimu mbali na ukingo. Kila mtu akafurahi. Kisha zikaja flati ambazo kila kidoti kina kiti chake, hakuna cha kupinda wala kunywea, lakini ile tabia ya kukuza haikuondoka, TV nyingi bado zinatoka kiwandani nayo imewashwa. Inaitwa ovasikeni. Ukiangalia mpira au taarifa ya habari hutaijua maishani mwako, maana nani anahesabu majani ya ukingoni mwa uwanja, na ndo maana hata tulivyohamia ving'amuzi, kuanzia Dar ile 31 Desemba 2012 walipozima mitambo ya analojia, hamna aliyelalamika kwamba picha imekatwa. Kompyuta ndo inaumbua, kwa sababu kompyuta inaweka vitu vyake muhimu ukingoni kabisa: saa, kitufe cha kuanzia, ile alama ya X ya kufungia.

Hebu tufanye hesabu yenyewe. Tuseme TV imekata asilimia mbili na nusu kila upande. Asilimia mbili na nusu ya 1,920 ni 48, ya 1,080 ni 27, ndo maana kwenye mistari yangu 40 haikuonekana ila 50 ilionekana, 20 haikuonekana ila 30 ilionekana. Upau wa chini wa Windows 10 kwa kawaida una vidoti 40 kwenda juu, TV ikimeza 27 unabaki na 13, saa utaisomaje? Mzee wa Bagamoyo anaona nusu, mi nasema hajafika hata nusu. Na kilichobaki cha picha nzima ni 1,824 kwa 1,026, yaani vidoti 1,871,424 kati ya 2,073,600, umepoteza laki mbili na ushee, karibu sehemu moja ya kumi. Ukiona asilimia mbili na nusu unaona ndogo, ila ni pande nne hizo.

Na ukungu wa maandishi? Palepale. Vile vidoti 1,824 vilivyobaki vinatanuliwa vijaze viti 1,920. Gawanya utaona ni 19 kwa 20. Chukua watu 19 uwaambie wakae kwenye viti 20, asibaki kiti kitupu na asisimame mtu, itabidi kila mmoja akalie kiti chake na kipande cha kiti cha jirani. Ndo herufi zinavyokaa hapo, mguu mmoja huku mguu mmoja kule, jicho linaona ukungu. Kwa hiyo kukatwa na ukungu ni ugonjwa mmoja, ukitibu moja umetibu na la pili.

Dawa yake ni bure na iko kwenye rimoti, tatizo ni kwamba kila kampuni kaipa jina lake. Ingia menyu, sehemu ya picha, tafuta ukubwa au umbo la picha. TV za LG wameandika Just Scan, Samsung wanaita Screen Fit, Sony wanaita Full Pixel, Sharp wanaita Dot by Dot, na nyingine nyingi wameliandika neno Overscan lenyewe, hilo unalizima. Hakikisha uko kwenye HDMI uliyochomeka kompyuta wakati unabadilisha, maana TV nyingi zinakumbuka kila tundu peke yake, ukibadilisha ukiwa kwenye king'amuzi ukirudi kwenye laptopu utakuta hujafanya kitu, utaanza kusema mwalimu wa Tanga kanidanganya. Mimi nilibonyeza, picha ikashtuka kidogo, ikarudi, na alama yangu ya kutoa hiyoo. Mistari yote, 10, 20, 30. Saa sita usiku niko peke yangu sebuleni nacheka. Kesho yake ikabidi niwaombe radhi watoto kumi na mmoja na kufuta makosa yao, na yule binti tangu siku hiyo ndo mshika rimoti wa darasa.

Tahadhari moja: msianzie kwenye kompyuta. Kuna programu za kadi ya picha, kile kifaa cha ndani ya kompyuta kinachotengeneza picha, zina kitelezi cha kupunguza picha, kampuni ya AMD wanacho, na vijana wengi wanakimbilia hapo, picha inanywea inaingia kwenye fremu, wanaona wameshinda. Hujashinda. Umeipunguza kwanza halafu TV imeitanua, wale watu wa viti umewahamisha mara mbili, ukungu uko palepale. Na siku utakayozima ovasikeni kwenye TV utabaki na fremu nyeusi pande zote, hapo ndo utasema kioo kimekufa kweli.

Mimi baada ya hapo nilibaki na tatizo jingine dogo lakini lilinikera kuliko la kwanza. Mwalimu anasahihisha kwa nyekundu, si ndio? Maandishi meusi yakawa safi lakini nikiandika kwa nyekundu, hasa juu ya nyeusi au bluu, herufi zinavuja kama wino kwenye karatasi ya chumvi. Nimekuja kujua kwamba TV nyingi zinafanya ubahili wa rangi, zinatunza mwanga na giza la kila kidoti lakini rangi zinaigawia vidoti viwili au vinne kwa pamoja, kwa sababu jicho la binadamu linaona tofauti ya mwanga vizuri kuliko tofauti ya rangi. Kwa sinema huoni kitu. Kwa herufi nyekundu unaona sana. TV nyingi zinaacha huo ubahili ukiziambia kwamba kilichochomekwa ni kompyuta, unaenda kwenye orodha ya sosi, yaani vyanzo vya picha, unachagua ile HDMI, unaibadilisha jina au aina iwe PC. Nilidhani jina ni jina tu, kama kumwita mtoto Sikujua. Kumbe TV inabadilisha tabia. Ukishafika hapo shusha na ukali wa picha mpaka ile mng'ao mweupe inayozunguka herufi ipotee, na kama weusi unaonekana kijivu au nyuso za watu zimekuwa kama masizi basi kompyuta na TV hawajakubaliana weusi unaanzia namba ngapi, mmoja anahesabu 0 mpaka 255 na mwingine 16 mpaka 235, iko setingi pande zote mbili, ziwe sawa tu basi.

Sasa Mhariri usidhani kila ukungu ni ovasikeni, nisije na mimi nikawa kama yule fundi, kila mgonjwa namwambia kioo kimekufa. Jirani yangu kinyozi ana laptopu ndogo ya vidoti 1,366 kwa 768 na TV ya full HD, anaonyesha mpira wateja wakisubiri, na picha yake ilikuwa haikatwi ila imefifia. Yeye kosa lake lilikuwa kuonyesha skrini zote mbili kitu kimoja. Ukifanya hivyo Windows inatafuta kipimo kimoja kitakachozitosha zote, na mkubwa ndo anayeshuka kumfuata mdogo, TV inapelekewa picha ya laptopu halafu inaitanua. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, yatakuja machaguo manne, chagua skrini ya pili peke yake, kisha kwenye setingi za skrini weka 1,920 kwa 1,080, ile wanayoiandikia kwamba inapendekezwa. Nimemfanyia kwa nusu dakika, akaninyolea mwanangu bure.

Kinyume chake pia kipo. TV nyingi za inchi 32 zilizoandikwa HD Ready kioo chake ni hicho hicho cha 1,366 kwa 768, lakini ukizipelekea 1,080 zinapokea bila kulalamika. Mistari 1,080 kwenye nafasi 768, hiyo 312 itaenda wapi? Inachanganywa na wenzake, mistari myembamba ya jedwali inapotea moja moja. Hizo zishushe, na usishangae kompyuta ikikupa 1,360 badala ya 1,366, kuna mahesabu ya zamani ya kompyuta yanayotaka upana ugawanyike kwa 8, na 1,366 haigawanyiki, jaribu mwenyewe. Na kama TV ya ndugu wa Bagamoyo ni 4K, yaani ya vidoti 3,840 kwa 2,160, maana inchi 43 siku hizi nyingi ni hizo, na laptopu yake ni ya HDMI 1.4 ile ya mwaka 2009, basi ataona mshale wa mausi unaburuzika kama una homa, kwa sababu HDMI hiyo kwa 4K inapeleka picha 30 tu kwa sekunde. Ashushe iwe 1,920 kwa 1,080 hataumia, maana 3,840 ukigawa kwa 2 ni 1,920 kamili, kila kidoti kinaweza kupewa viti vinne kamili.

Halafu kuna wale ambao hawapati picha kabisa, TV inasema hakuna signo. Wa kwanza ni mkwe wangu, ana kompyuta ya mezani ya zamani yenye tundu la VGA tu, lile la bluu lenye pini 15, kitu cha IBM cha mwaka 1987, mwaka mmoja kabla Coastal Union, timu yetu ya mpira ya Tanga, hawajachukua ubingwa, hapo mjue ni zamani kiasi gani. Akaenda Ngamiani akanunua kigeuzi, HDMI upande mmoja VGA upande mwingine, kinaingia vizuri kabisa pande zote, na picha hamna. Hivi vigeuzi vinaenda njia moja. Cha kutoka HDMI kwenda VGA hakirudi nyuma, hata ukikisomea. Alichohitaji ni cha kutoka VGA kwenda HDMI, na hicho kinataka umeme wa USB na kawaya ka sauti pembeni, maana VGA haina sauti tangu kuzaliwa. Ukienda dukani usiseme nataka kigeuzi cha HDMI na VGA, sema kompyuta yangu inatoa nini na TV inapokea nini, kwa mpangilio huo. Na wenye kompyuta za mezani zilizowekwa kadi ya picha, chomekeni kwenye kadi sio kwenye lile tundu la juu la ubao mama, ule ubao mkuu wa ndani ya kompyuta, hilo mara nyingi limelala. Na lile tundu jembamba la USB-C, sio kila moja linatoa picha, mengine ni ya chaji na mafaili tu, hamna setingi itakayoyasaidia.

Wa pili ni wa baharini, na hili Bagamoyo na Tanga tunashirikiana. Kompyuta ikichomekwa haitupi picha hivihivi, inapiga hodi kwanza. Waya wa HDMI una pini 19. Kompyuta inapeleka umeme kidogo kwenye pini ya 18, hiyo ndo hodi, TV inajibu kwenye ya 19, karibu, nipo, kisha kwenye ya 15 na ya 16 TV inajitambulisha, mimi fulani, kioo changu cha vidoti kadhaa. Hapo ndo picha inakuja. Sasa huku kwetu hewa ina chumvi, nyumba za Raskazone hata misumari ya mlango inaota kutu, na vile vipini vikishika ukungu wa kijani salamu hazifiki. Kompyuta ikikosa jibu kabisa inanyamaza, ikilisikia nusu inabahatisha, inakutupia picha kubwa mbaya ya vidoti vichache, mtu anasema TV feki. Zima vyote, chomoa umeme ukutani, toa waya uurudishe mara tatu nne, jaribu tundu jingine la HDMI, jaribu waya mwingine wa kuazima. Msikwangue kwa kisu jamani, nimeona mtu anakwangua kwa kisu cha samaki. Na kama ukigusa kichwa cha waya unahisi sisimizi wa umeme, hiyo mara nyingi ni plagi ya pini mbili isiyo na athi, msichomeke HDMI kabla ya kuchomoa vyote ukutani.

Sauti ikibaki kwenye laptopu wakati picha iko kwenye TV hapo sina hata la kusema, gusa kile kispika cha chini chagua TV, kwisha.

Nina mawili ya kwako Mhariri. La kwanza, ile barua ya Bagamoyo mliipa kichwa kikubwa cha TV feki kuzagaa, na mjini hapa tayari nimesikia watu barazani wanaisoma kwa sauti, mmoja kaahirisha kununua, mwingine anataka kurudisha ya kwake dukani. Sisemi TV feki hazipo, zipo, lakini kwa ushahidi ule alioutoa mwenyewe hiyo yake haijathibitika kuwa feki, na ingefaa mseme hivyo kwa herufi zilezile kubwa. La pili ni la wauzaji na waagizaji, kwa kupitia wewe. TV yangu ilikuja na kitabu cha Kichina, Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu, Kiswahili hamna hata ukurasa. UNESCO mwaka 2021 wametupa siku ya Kiswahili duniani, 7 Julai, tunavaa vitenge tunasoma mashairi, na bado mama wa Makorora anatakiwa ajue Kifaransa ili aone alama ya kutoa. Karatasi moja tu, pande mbili, wapige chapa hapahapa waiweke ndani ya boksi: jina la hiyo setingi kwenye TV hii ni lipi, iko menyu gani, na kioo chake kina vidoti vingapi. Na muuzaji asione uchungu mteja akija na laptopu yake na waya wake aijaribu palepale kabla ya kulipa.

Ndugu yangu wa Bagamoyo, usirudishe kwanza, na usimuuzie anayekwambia atakusaidia kuiondoa. Washa TV, chomoa laptopu kabisa, bonyeza menyu, angalia pembe zote nne kwa karibu. Menyu ikiwa nzima fuata niliyoyasema ukianza na ukubwa wa picha. Menyu yenyewe ikiwa imekatwa au ina mistari, hapo nitakuunga mkono, nenda na risiti yako dukani, na uandike tena hapa gazetini mi nitasoma.

Wako,
Mwalimu wa hesabu,
Makorora, Tanga.